Bustani ya Nyumbani: Kuvu Iuayo Wadudu wa Mboga



Mwezi uliopita tulipata swali kutoka kwa bibi mmoja mwenye kulima matuta machache ya kunde na bamia nyuma ya nyumba yake. Asema: “Maalim, nimesikia kwamba siku hizi wako watu wanyunyizao kuvu juu ya mboga ili kuwaua wadudu. Mimi tangu utoto wangu nimefunzwa kukitupa chakula kilichoota kuvu. Je, maneno haya ni kweli? Na mboga hiyo yalika?”

Swali hili ni zuri, nasi twaona yafaa kulijibu kwa urefu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa jibu lake lina faida kwa kila nyumba yenye bustani, na hata kwa nyumba isiyokuwa na bustani, maana mboga za sokoni huliwa na wote. Ya pili ni kuwa sisi wenyewe tuna deni katika jambo hili, na mwenye deni hapendezi akinyamaza.

Jibu lake fupi ni hili: Naam, ni kweli, na mboga hiyo yalika, ikisha kuoshwa kama zioshwavyo mboga zote. Lakini kuvu si moja. Iko ya kufaa na iko ya kuua watu, na mwenye kuzichanganya hizi mbili atajuta. Basi na tueleze moja baada ya moja, tukianza na hilo deni letu.

Nyuma ya chuo chetu cha Kurani pana kiwanja kidogo chenye kisima. Hapo twalima kunde, bamia, mabilingani na mchicha. Mboga hizo huliwa na wanafunzi watokao mbali, na zinazobaki huuzwa, tukapata fedha za kununulia juzuu na chaki. Mwaka 2021, baada ya mvua za masika, kunde zetu zilishikwa na vidukari weusi. Walijazana juu ya vikonyo na maua, wakifyonza utomvu hata majani yakajikunja, na bamia nazo zikaingiwa na wale wa kijani. Sisi tukaona mazao yanakwenda mbele ya macho yetu.

Tukaenda dukani. Muuzaji akatumiminia dawa katika chupa iliyokuwa ya soda, isiyo na karatasi yoyote ya maelezo, akatuambia, “Tieni kifuniko kimoja kwa ndoo moja.” Sisi, kwa pupa ya kuokoa mali, tukatia vifuniko viwili. Ilikuwa alasiri ya Alkhamisi na chuo kimefungwa. Tukanyunyiza, tukanawa mikono, tukaenda kuswali Magharibi, tukidhani kuwa tumefanya kazi njema.

Asubuhi ya Ijumaa watoto wakaja kuteka maji kisimani kama ilivyo ada yao. Hatukuwa tumewaambia neno. Mmoja wao, binti wa miaka minane, alichuma bamia changa akazila mbichi. Na ni nani katika sisi ambaye hakufanya hivyo utotoni mwake? Kabla ya adhana ya Ijumaa yule mtoto akaanza kutokwa na mate na jasho na machozi, akatapika, na mboni za macho yake zikawa ndogo kama kichwa cha pini. Tukamchukua mbio hospitali. Daktari akatuuliza swali moja: “Amekula dawa gani?” Nasi tukaitoa ile chupa ya soda. Hatukuwa na jina la kumwambia. Akamtibu kwa kuzifuata dalili tu, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu siku ya tatu mtoto akarudishwa kwao.

Bibi yake, ambaye ndiye aliyemlea, hakututukana wala hakutushitaki. Alituambia neno moja tu: “Maalim, mimi nilikuletea mjukuu wangu umsomeshe.” Neno hili limekaa kifuani mwetu mpaka leo. Mtoto hakurudi chuoni, nasi hatukuwa na uso wa kwenda kumwita.

Tumekieleza kisa hiki kwa sababu si chetu peke yetu. Kila siku mboga hunyunyizwa sumu leo zikauzwa kesho. Mwenye kunyunyiza aitazama faida yake. Mwenye kununua hana macho ya kuiona sumu iliyo juu ya jani. Na hapa pana jambo la kutia haya. Kuanzia mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba sehemu moja katika kumi ya shehena za maharagwe mabichi na njegere za maganda zitokazo Kenya zipimwe, ili yajulikane mabaki ya dawa yaliyomo. Wakulima wetu wakajifunza kwa haraka kupunguza sumu katika mboga zipandazo ndege. Lakini fungu la mchicha lililopangwa juu ya gunia sokoni kwetu, ni nani alipimaye? Je, tumbo la mtoto wa Ulaya lina thamani kuliko tumbo la mtoto wa mtaani kwetu? Hatusemi haya kuwalaumu wa mbali. Twajilaumu sisi wenyewe, ambao hungoja hadi tuamrishwe na mnunuzi mwenye fedha ndipo tumhurumie mlaji.

Baada ya msiba ule tulikata shauri kuwa sumu haitaingia tena katika kiwanja cha chuo. Lakini kukata shauri hakumwondoi mdudu. Ndipo bwana shamba mmoja, mtu mwenye subira, alipotueleza habari za kuvu. Mwanzo tulimshangaa kama alivyoshangaa bibi mwenye swali. Haya ndiyo aliyotufunza, pamoja na tuliyojifunza baadaye.

Kuvu ni viumbe mbali na mimea na mbali na wanyama. Uyoga tuulao ni katika jamaa yake. Hamira iumuayo maandazi yetu ni katika jamaa yake. Na ukungu uharibuo mkate na utiao madoa majani ya nyanya ni katika jamaa hiyo hiyo. Katika jamaa hii kubwa ziko kuvu ambazo riziki yao ni wadudu. Mbili zijulikanazo zaidi huitwa kwa majina ya Kilatini Metarhizium na Beauveria, na majina haya ndiyo yaandikwayo juu ya chupa na pakiti. Ya kwanza huzaa vumbi la kijani, na ya pili huzaa vumbi jeupe. Vumbi hilo ndilo mbegu zake.

Vumbi hili likimwangukia mdudu humnata. Likipata unyevu huota juu ya ngozi yake kama mbegu iotavyo ardhini, likatoa uzi mwembamba usioonekana kwa macho. Uzi huo huitoboa ngozi ya mdudu kwa kuisukuma na kwa maji yake yenye kuiyeyusha. Ukiisha kuingia ndani huzaana katika damu yake na kula nguvu zake. Siku ya pili au ya tatu mdudu hupunguza kula. Baada ya siku tatu hata saba, na pengine zaidi akiwa ni mdudu mkubwa, hufa na kukauka. Hewa ikiwa na unyevu, kuvu hutoka nje ya mzoga ule ikauvika nguo nyeupe au ya kijani, na vumbi jipya likapeperuka kwenda kutafuta wengine.

Mwenye kuzoea shamba huenda amekwisha kuyaona haya bila ya kuyafahamu. Wakati wa mvua hutokea ukamkuta nzi au panzi amekufa akiwa ameshikamana na jani, na mwili wake umeota manyoya meupe. Huyo hakuuawa na mtu. Ameuawa na kuvu iliyokuwapo katika nchi kabla hatujaja sisi na pampu zetu.

Hapa pana faida moja ya kuangaliwa. Dawa nyingine zitokanazo na viumbe, kama ile ya bakteria itumiwayo juu ya viwavi, hazifanyi kazi mpaka mdudu azile pamoja na jani. Lakini kidukari hali jani. Yeye hutia mrija wake ndani ya mmea akanywa, na kilicho juu ya jani hakimpati. Kuvu haingoji kuliwa. Yaingia kwa ngozi, na kwa hiyo yafaa kwa wadudu wanywao utomvu, kama vidukari na nzi weupe, na kwa vile vidudu vyembamba vijifichavyo ndani ya maua ya kunde na vitunguu, ambavyo watu wa kilimo huviita thripsi.

Amma elimu hii si ya jana. Mwaka 1835 Agostino Bassi, mtu wa Lodi katika nchi ya Italia, alitangaza kwamba maradhi yaliyokuwa yakiwaangamiza viwavi wa hariri yaletwa na kuvu hai, ipitayo kutoka kiwavi mmoja hata mwingine. Kwa ajili yake kuvu hiyo ikaitwa Beauveria bassiana. Wakati huo kuvu ilihesabiwa kuwa adui, kwa kuwa aliyekufa alikuwa mdudu mwenye faida. Mwaka 1879 Elie Metchnikoff, aliyekuwa Odessa, aliwatazama madundu walao ngano, akawakuta wanakufa kwa kuvu ya kijani, akaona kwamba maradhi ya mdudu yaweza kuwa dawa ya mkulima. Miaka michache baadaye Isaak Krassilstschik alianza kuizalisha kuvu hiyo kwa wingi huko Smela, ili kupigana na wadudu walao viazi vya sukari.

Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuja sumu za viwandani kama DDT, rahisi na zenye kuua kwa saa moja, na watu wakaiacha njia ya polepole. Wakairudia pale wadudu walipoanza kuizoea sumu, na madhara yake yalipodhihiri kwa ndege na samaki na watu.

Wala tusidhani kwamba kazi hii ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa Kenya, aliasisi jijini Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho icipe. Katika kituo hicho wataalamu, wakiwamo Nguya Maniania na Sunday Ekesi, waliijaribu Metarhizium juu ya thripsi wa kunde na wa vitunguu. Aina moja waliyoipa namba 69, ambayo ilipatikana mwaka 1990 katika udongo wa Kongo, ilifaa hata ikapelekwa kiwandani na kuuzwa kwa wakulima. Aina nyingine, yenye namba 62, ilijaribiwa juu ya vidukari wa kabeji na wa bamia. Na huko Tanzania, mwaka 2009, nzige wekundu walipozidi katika mbuga za Katavi na bonde la mto Malagarasi, walinyunyiziwa Metarhizium kutoka angani, wakadhibitiwa kabla hawajaenea mashambani.

Na turudi katika kiwanja chetu, maana elimu bila ya kutenda haimshibishi mtu.

Chupa ya kwanza tuliinunua mwaka 2022 kwa fedha zilizochangwa na nyumba sita, kwa sababu bei yake ilizidi ile ya sumu. Ndani yake mlikuwa na mafuta yaliyochanganywa na vumbi la kuvu. Tuliiweka siku kumi dirishani, chini ya mabati. Kisha tukanyunyiza saa nne ya asubuhi, jua likiwaka, kwa pampu tuliyoazima kwa jirani, naye alikuwa ametoka kuitumia kwa dawa ya ukungu wa nyanya. Siku ya pili tulikwenda kutazama, tukawakuta vidukari wazima wakinywa. Siku ya tano ilikuwa vile vile, na ya nane vile vile. Mmoja katika waliochanga akatuambia mbele ya watu, “Maalim, umetununulia maji.”

Bwana shamba alipokuja alituuliza maswali matatu: Chupa mliiweka wapi? Mlinyunyiza saa ngapi? Na pampu ilikuwa ya kazi gani? Kila jibu tulilolitoa lilikuwa ni kosa. Akatuambia, “Nyinyi mmezoea sumu, na sumu haifi. Hii ni kitu kilicho hai. Nanyi mmekiua mara tatu kabla hakijamwona mdudu.”

Basi haya ndiyo masharti yake, twayaandika ili msomaji asilipe ada tuliyoilipa sisi.

Kwanza, kuvu ihifadhiwe mahali pa baridi na penye kivuli, wala isipitishe tarehe iliyoandikwa. Joto la chini ya mabati huiua. Mwenye sanduku la barafu asiiweke pamoja na vyakula ila katika chombo kilichofungwa, kilichoandikwa jina lake, na mbali na mikono ya watoto.

Pili, inyunyizwe jioni, baada ya jua kupoa. Miale ya jua huliua vumbi lake, nalo lahitaji unyevu wa usiku ili liote. Tena jioni nyuki wamekwisha kurudi mizingani, na nyuki ni wafanyakazi wetu. Ingawa kuvu hizi si kali kwao kama sumu, haifai kuwamwagia.

Tatu, isichanganywe na dawa ya ukungu, wala isitiwe katika pampu iliyokuwa na dawa hiyo mpaka ioshwe vizuri sana. Dawa ya ukungu kazi yake ni kuua kuvu, nayo haina akili ya kubagua ya kheri na ya shari. Mwenye haja ya zote mbili aulize muuzaji ni siku ngapi azitenge, na asome karatasi ya chupa.

Nne, maji yaelekezwe chini ya majani na ndani ya vikonyo, maana ndiko mdudu akaako. Kuvu isiyomgusa mdudu haimdhuru. Mwenye kunyunyiza juu tu kwa haraka amewasha taa akaifunika.

Tano, ianzwe mapema, wadudu wakiwa wachache, na irudiwe kama ilivyoandikwa. Mtu angojaye mpaka bustani imekuwa nyeusi kwa vidukari, kisha akataka kuvu imwokoe kwa usiku mmoja, aitaka kazi isiyokuwa yake.

Sita, ijapokuwa kuvu hizi hazistawi vyema katika joto la mwili wa mwanadamu, na kwa hiyo hazimfuati mtu kama zimfuatavyo mdudu, mwenye kunyunyiza ajifunge kitambaa puani na mdomoni, ayahifadhi macho yake, na anawe baadaye. Vumbi lolote likizidi kifuani lina dhara, na wako watu ambao miili yao haipatani nalo.

Sasa twafikia onyo tulilolitaja mwanzo. Bibi mwenye swali alifunzwa kukitupa chakula kilichoota kuvu, na aliyemfunza alimfunza haki. Kuvu iotayo juu ya mahindi na njugu zilizowekwa na unyevu ni nyingine kabisa, nayo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, iharibuyo ini. Mwaka 2004, huko Kitui na Makueni na sehemu za jirani, watu 317 walipatikana na maradhi kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo, na 125 katika hao walikufa. Basi asitoke mtu akasaga mahindi yaliyooza au mkate ulioota ukungu akaunyunyizia mchicha, akisema kwamba gazeti limesema kuvu ni dawa. Wala asikusanye mizoga ya wadudu akajitengenezea yake jikoni, kwa kuwa macho hayatoshi kuitambua kuvu hii na ile. Inunuliwe iliyozalishwa na wenye ujuzi, katika chombo chake cha asili, chenye jina na tarehe na kibali cha serikali. Chupa ya soda iliwahi kututosha mara moja, na hatutaki tena.

Mwezi uliofuata tulinunua chupa ya pili. Safari hii ni nyumba tatu tu zilizokubali kuchanga, nasi hatuwalaumu waliojitoa. Tuliiweka katika mtungi mkavu ndani ya chumba chenye kivuli. Tukaitilia bustani maji, na baada ya alasiri, jua likielekea kuzama, tukanyunyiza kwa pampu mpya, jani kwa jani, tukiinama kama wapandao mpunga. Siku ya pili vidukari walikuwapo, nasi moyo ukatudunda. Siku ya nne wengine walikuwa wamebadilika rangi na hawatikisiki ukiwagusa. Siku ya saba tukanyunyiza tena. Wiki iliyofuata machipukizi mapya ya kunde yalitoka yamenyooka.

Hatutasema kuwa tuliokoa kila kitu. Matuta mawili ya kunde yalikuwa yamekwisha kunyauka, tukayang'oa. Viwavi watobao bamia walibaki, nasi tukawaokota kwa mikono pamoja na wanafunzi kila asubuhi kabla ya darasa. Mabilingani yaliyotiwa alama na wadudu hayakupata bei nzuri, kwa sababu mnunuzi hupenda ngozi inayong'aa, wala haulizi ilivyong'arishwa. Kwa hesabu ya fedha, msimu ule hatukupata faida. Kwa hesabu nyingine, kisima na bustani vilikuwa wazi kwa watoto siku zote saba za wiki, na hapakuwa na siku hata moja tuliyosimama mlangoni tukiwafukuza.

Msimu wa pili mambo yalikuwa mepesi zaidi. Tulianza mapema, tukatumia dawa chache, na wale vidudu-kobe wenye madoa, ambao hula vidukari na ambao sumu ilikuwa imewamaliza, walirudi wenyewe wakatusaidia kazi bila ya ujira. Mmoja katika wale waliojitoa alikuja kutuuliza bei ya chupa. Tukamwambia bei, na tukampa karatasi ya masharti kwanza.

Huenda msomaji akasema: “Mimi sina uwezo wa kuinunua dawa hii, na sumu ndiyo niliyo nayo.” Twamjibu kwamba hatuna haki ya kumtwika mtu asichokiweza. Lakini hata mwenye sumu anayo masharti, na hayamgharimu hata senti moja. Asinunue dawa isiyo na jina. Asizidishe kipimo. Asome siku za kungoja zilizoandikwa, na asichume wala asiuze kabla hazijatimia, hata mnunuzi akisimama mlangoni na fedha mkononi. Awaambie watoto wote wa mtaa, na aweke alama ionekanayo. Mwenye kuuza mboga aliyoinyunyizia jana, akanyamaza, amemdhuru mtu asiyemjua, na kutomjua hakumpunguzii deni.

Na ninyi mlio wanunuzi, mnayo sehemu yenu. Mkiona jani lenye tundu dogo msilidharau. Mwulizeni muuzaji kwa upole, “Mama, hii imenyunyizwa lini?” Siku ya kwanza atashangaa. Wakiuliza watu kumi, ataanza kumwuliza mkulima.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 tulijipa moyo tukaenda kwa yule bibi. Hatukwenda kumwambia amrudishe mjukuu wake. Tulimchukulia kikapu cha kunde na bamia, na tukamweleza tuliyoyafanya, tangu chupa ya kwanza hata ya pili, na kosa letu la jua na pampu. Alisikiliza yote asiseme kitu. Kisha akachukua bamia moja, akaipindua mkononi, akatuuliza, “Na hii, Maalim, wewe mwenyewe umekwisha kuila?” Tukamjibu, “Twazila kila siku, nyumbani kwetu na wanafunzi.” Akaingia ndani na kikapu chake.

Jumamosi iliyofuata, tulipofungua chuo, yule binti alikuwa ameketi katika safu ya nyuma na juzuu yake mapajani. Hatukumwuliza kitu. Tukaendelea na somo pale tulipokuwa tumefikia.

Wabillahi taufiki.